Mheshimiwa Kashata Anasubiri Garini

Ti.

Tone la kwanza la maji lilianguka kwenye sufuria tupu chini ya bomba, na Bibi Sikudhani akafumbua macho gizani. Ti. Ti, ti. Kisha ukaja mchirizi mwembamba kama uzi wa kushonea. Katika nchi ile maji yalikuwa na haya. Yalitoka alfajiri tu, wakubwa wakiwa wamelala, na jua lilipochomoza yalikuwa yamekwisha kurudi yalikotoka. Watu hawakulalamika. Walilala na sufuria chini ya bomba na sikio moja wazi, na mwenye usingizi mzito aligongewa ukuta.

Jirani akagonga. "Bibi! Yametoka!"

"Nimeyasikia, mwanangu. Mungu akuweke."

Akajaza sufuria, akajaza dumu, mwisho akajaza chupa ya kwenda nayo kazini. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma hali ya hewa. "Leo halijoto nchini kote ni nyuzi ishirini na sita, pamoja na upepo mwanana." Ilikuwa ishirini na sita kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, tangu siku Kiongozi wa wakati ule alipotoka kwenye hema lenye viyoyozi vinne akatamka kwamba nchi yake ina hewa ya kupendeza. Hakupatikana mtu wa kuipandisha wala wa kuishusha. Kipimajoto cha taifa kilitundikwa ofisini ndani ya fremu ya dhahabu, na ule mstari mwekundu ulipakwa kwa rangi ya kucha ili usije ukashawishika. Bibi Sikudhani alijipaka mafuta ya nazi mabegani, maana ngozi yake haikuwa na redio, akatoka.

Jina la nchi hiyo halitajwi hapa, wala si kwa woga. Lilikuwa likibadilishwa kila baada ya uchaguzi, na la sasa bado liko kwa mpiga chapa.

*

Kazi yake ilikuwa kufagia uwanja wa magari wa Wizara ya Wanyama wa Nyumbani na Heshima Yao. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefagia chini ya mijohoro saba. Jana yake mijohoro yote saba ilikatwa, kwa kuwa matawi yalikuwa yanaziba bango la uzinduzi, na visiki vikapakwa chokaa kama mawe ya kando ya bustani. Sasa bango lilisomeka hata kutoka barabarani: KIVULI NI HAKI YA KILA MNYAMA.

Siku ile ilikuwa ya kuzindua Sheria ya Wanyama Walioachwa Garini. Sheria yenyewe ilikuwa fupi, tena nzuri. Ilikuwa imebandikwa getini, na Bibi, aliyesoma mpaka darasa la nne, aliifuata yote kwa kidole. Mtu yeyote atakayesikia sauti ya mnyama ndani ya gari lililofungwa juani atalifungua. Likiwa na kufuli atalivunja. Atampa mnyama maji na kivuli, na mtu huyo hataulizwa na yeyote. Mwenye mimba hatarudishwa garini. Wengine watarudishwa kwa mwenye mali. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilisemwa kwamba sheria itaanza kufanya kazi mara tu Mheshimiwa Waziri atakapokata utepe. Kabla ya hapo, kioo cha serikali ni kioo cha serikali.

"Mungu awabariki walioandika," Bibi alisema, na alisema kweli. Yeye mwenyewe alimwekea kuku wake kivuli cha gunia.

Uzinduzi unahitaji mnyama. Nyumbani kwa Waziri kulikuwa na mbwa wa rangi ya sukari iliyoungua, na wapishi walimwita Kashata. Lakini Waziri asingeweza kuonekana hadharani akimwokoa mtu asiye na cheo. Kwa hiyo Kashata aliteuliwa kuwa Balozi wa Wanyama wa Nyumbani, akavishwa utepe wa bluu shingoni, akapangwa wa kumi na tisa katika orodha ya itifaki, chini ya Jaji Mstaafu na juu ya Mkuu wa Wilaya. Inasemekana Mkuu wa Wilaya alilia, ila alilia kwa nidhamu.

Ratiba ilisema hivi: baada ya hotuba zote, Waziri atakata utepe, atatoka nje juu ya zulia jekundu, atafungua gari na kumkomboa Balozi kutoka katika joto. Basi ilibidi Balozi awe garini. Na vioo vifungwe, ili ukombozi uwe wa kweli.

Saa nne kamili gari jeusi likaingia. Dereva, Chilumba, aliegesha pale alipoonyeshwa, katikati ya uwanja, mahali ambapo jua lilikuwa limekwisha kukaa likimsubiri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na mwenzako hajambo?"

"Nimekatazwa kumwita mwenzangu. Ni Mheshimiwa sasa." Akacheka kidogo, akamkuna Kashata nyuma ya sikio. "Jana tu nilikuwa namwogesha kwenye beseni."

Akaja Bwana Mwasomola, ofisa wa itifaki, mtu aliyetembea kana kwamba kichwani kabeba yai. Alipokea ufunguo wa gari kwa mikono miwili, akaulaza juu ya mto mdogo wa mahameli, akaingia nao ukumbini. Chilumba aliusindikiza kwa macho. Kisha akavua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya kioo cha nyuma, mahali kilipo kichwa cha mbwa. Ilikuwa kofia ndogo. Bibi aliiona, akaiweka moyoni.

*

Katika nchi ile hakuna aliyefungua kinywa mbele za watu kabla ya kuwatambua waliopo, mmoja mmoja, kwa cheo, jina na nishani. Zamani msemaji aliyechoka aliruhusiwa kusema "itifaki imezingatiwa" akaendelea na yake. Kisha Katibu Tarafa mmoja, aliyekuja mkutanoni na suti mpya, akajiona amezingatiwa kwa jumla. Alikwenda nyumbani akalala siku nane akiutazama ukuta. Bunge lilikutana kwa dharura. Tangu hapo kumzingatia mtu kwa jumla ni kosa la jinai.

Wageni walikuwa mia moja na sita. Wasemaji walikuwa saba.

Vipaza sauti vilifungwa mpaka nje, na Bibi alisikia kila kitu akifagia. "Mheshimiwa Jaji Mstaafu... na Mheshimiwa Balozi Kashata, ambaye yuko nasi hapo nje..." Makofi. Kashata akainua masikio yote mawili. Msemaji wa pili: "Mheshimiwa Balozi Kashata, ambaye anatusubiri kwa uvumilivu..." Makofi. Kashata akainua sikio moja.

Saa tano alibweka. Saa tano na nusu alikwaruza kioo. Saa sita alinyamaza, na hapo ndipo Bibi Sikudhani alipolaza ufagio chini. Kwa watoto sita na wajukuu kumi na wanne alikuwa amejifunza kwamba anayelia bado ana nguvu.

Aligusa mlango, bati likamchoma kiganja. Ndani, mbwa alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, mbavu zikienda mbio. Alimtazama Bibi kama mgeni anayeona haya kuomba maji.

"Chilumba. Vunja kioo, mwanangu."

"Bibi, nina watoto watatu." Machozi yalikuwa yanamtoka wazi, hakuyafuta. "Na kioo kina nembo ya taifa pale chini, unaiona? Ukipiga kioo umepiga taifa. Ufunguo ungekuwa kwangu, wallahi..."

"Basi tumfunike."

Akafungua khanga yake ya juu, akaitandaza kwenye vioo vya upande wa jua. Haikukaa dakika mbili. Koplo Kiserema, mlinzi wa uwanja, kijana mrefu aliyekonda, alikuja akikimbia.

"Bibi, Bibi, toa hiyo nguo! Umemfunika Mheshimiwa mpaka usoni. Kiongozi akifunikwa uso ni msiba huo!"

"Msiba ndio ninaoukimbia, mwanangu."

Koplo akatazama ndani ya gari. Akatazama ukumbi. Akashusha sauti. "Nakuelewa, Bibi. Lakini toa. Wakiiona, mimi na wewe tutalala ndani."

Bibi akaitoa. Koplo Kiserema hakuondoka. Alisogea hatua mbili kushoto, akasimama wima kama wa gwaride, na kivuli chake kikaangukia kioo. Kilikuwa kivuli cha mtu mmoja, tena asiyelishwa vizuri, lakini kilifika hadi kwenye pua ya mbwa. Bibi aliliona na hilo.

*

Mlangoni mwa ukumbi alimkuta Bwana Mwasomola na orodha yake.

"Baba, yule mnyama anakufa kwa joto."

"Joto lipi?" Mwasomola aliuliza kwa upole, kama anayemuuliza mtoto kuhusu zimwi. "Leo ni ishirini na sita."

"Njoo uguse gari."

"Bibi yangu, mimi nikigusa gari kabla ya Waziri, Waziri atagusa nini? Tena ukumbuke, Balozi ni wa kumi na tisa. Wewe ni wa ngapi?"

Bibi akafikiri. "Mimi sipo humo."

"Unaona sasa? Mtu asiye na namba hawezi kumfungulia mlango mwenye namba. Tungekuwa nchi gani?" Akamtazama kiganja kilichovimba, akalainika kidogo. "Andika kikaratasi. Nitamfikishia Waziri. Yeye ndiye anayefuata kusema."

Bibi aliandika nyuma ya risiti ya dukani, kwa herufi kubwa, akiegemea ukuta: MHE. WAZIRI MBWA WAKO ANAKUFA GARINI. NI MIMI MFAGIAJI. Mwasomola alitimiza ahadi. Alikwenda kwa hatua za taratibu mpaka jukwaani, akainama, akakiweka mbele ya Waziri, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika kwa mgeni wa mia moja na sita.

Bibi alikimbilia kwenye gari kusubiri mlango ufunguke. Kipaza sauti kikakohoa.

"Ndugu zangu," ilisema sauti ya Waziri, "kabla sijakata utepe, nimeletewa kikaratasi hapa. Nawaomba mnisikilize. Mwananchi wa kawaida, mfagiaji, mama yetu, ameguswa na sheria hii kiasi cha kuchukua kalamu na kutukumbusha kwamba mbwa anaweza kufa garini! Huu ndio mwamko! Hawa ndio wananchi tuliowaota!" Makofi, vigelegele. "Nilikuwa nimalizie hapa. Lakini kwa heshima ya mama huyu, niruhusuni nieleze historia ya mbwa katika taifa letu, tangu kabla ya ukoloni."

Chilumba alikaa chini juu ya lami, akafunika masikio.

Ndani, ubavu wa Kashata ulipanda. Ukakaa. Ukashuka. Bibi akasubiri upande tena, na akaona anasubiri muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia alipokaa kando ya mtoto wake wa tatu, yule ambaye zahanati ilisema daktari yuko semina.

Akainama. Akaokota jiwe moja la bustani, jeupe la chokaa, la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Koplo Kiserema alimwona. Akageuka upande wa pili, akaanza kulitazama bango kwa makini sana.

Kioo kilivunjika kwa pigo la tatu. Bibi alipitisha mkono, akakatwa, akavuta kitasa. Joto lilitoka kama la tanuri la mikate. Walimtoa yeye na Chilumba, wakamlaza kwenye khanga, na Bibi akamwagia maji ya chupa shingoni, tumboni, miguuni, kidogo kidogo, akimwita. "Kashata. Amka, baba. Kashata." Chilumba alipepea kwa kofia. Chupa ilikuwa imebaki robo pale ulimi uliposogea, ukagusa kidole cha Bibi, ukagusa tena.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na moja. Utepe ulikatwa saa saba na dakika hamsini na mbili.

Waziri alitoka juu ya zulia, wapiga picha wakirudi kinyumenyume mbele yake. Ilibidi Kashata, akiwa bado anatiririka maji, arudishwe kwenye kiti. Waziri akachukua ufunguo juu ya mto wa mahameli, akafungua mlango ambao kioo chake kilikuwa chini kimemwagika kama sukari, akamwinua Balozi. Picha ilipendeza. Mbwa alikuwa hai, naye alitikisa mkia, maana alikuwa na adabu.

"Dakika kumi na moja, Bibi!" alisema Mwasomola, akiwa karibu kulia, Koplo Kiserema alipokuwa akimfunga Bibi pingu kwa kuzilegeza. "Ungevumilia dakika kumi na moja ungepewa nishani! Sasa umeitekeleza sheria kabla haijazaliwa. Tuiteje hiyo?"

"Mimi ningevumilia, baba. Yeye asingeweza."

*

Kesho yake ilitangazwa kuwa Siku ya Mapumziko ya Kuifurahia Sheria. Hakimu alikuwa kwenye maandamano ya pongezi. Mahabusu ya mahakama ilikuwa inapakwa rangi kwa ajili ya wageni watakaokuja kujifunza. Ndiyo sababu washtakiwa wanawake, waliotolewa kituoni asubuhi, waliachwa ndani ya karandinga, uwanjani, mlango ukiwa na kufuli. Karandinga ni gari la bati tupu, na hewa yake ni matundu ya wavu yasiyozidi kiganja.

Walikuwa kumi na wawili. Waliompisha Bibi akae karibu na tundu walikuwa watu wasiomjua, naye akampisha Asumini, binti wa miezi minane ya ujauzito. Asumini alikamatwa kwa kuuza matango kando ya barabara ya msafara wa wakubwa huku ameupa msafara mgongo.

"Nilikuwa natafuta chenji, Bibi. Nilijuaje wanapita?"

"Pole, mama. Vuta hewa. Weka pua hapa."

Saa nne walizungumza. Saa tano waliimba kidogo. Saa sita, Bibi akasikia kimya kinaanza, akakitambua.

Aligonga bati. "Afande! Nani yuko zamu?"

"Ni mimi, Bibi." Ilikuwa sauti ya Koplo Kiserema. "Wamenihamishia huku."

"Mwanangu, humu kuna mjamzito. Fungua. Au ufunguo wameuchukua na wako?"

"Ufunguo ninao, Bibi. Amri ndiyo sina. Lazima itoke kwa mwenye cheo, na wote wako kwenye maandamano." Kikombe cha bati kikainamishwa kwenye tundu, maji nusu yakamwagikia wavu. "Nina hiki tu. Ni changu."

Yaliyopenya walimpa Asumini yote.

Ndipo wakasikia king'ora, na kupitia tundu Bibi akaona gari jeupe likiingia uwanjani, vioo vyake vyote vinne vimeshushwa kwa mujibu wa sheria. DORIA YA KWANZA YA WANYAMA, ubavuni. Kwenye usukani alikuwa Chilumba. Kiti cha mbele, na utepe wake wa bluu, alikaa Kashata. Nyuma alikuwa Bwana Mwasomola, na beseni, na madumu manne ya maji, na fomu. Alishuka, akakagua magari ya uwanjani moja moja, akafika kwenye karandinga, akabisha kwa kidole.

"Kuna mnyama humu?"

"Baba, ni sisi!" Bibi alisema. "Kuna binti anazimia. Tupe maji."

"Sisi kina nani?"

"Watu!"

"Watu tu?"

"Watu tu, baba."

Kalamu ikakwaruza. "Hakuna," alisoma Mwasomola alichoandika. Hakuondoka mara moja. Bibi aliona viatu vyake vikigeuka, vikarudi, vikageuka tena. "Poleni sana. Sheria ya watu ipo. Iko kwenye rasimu." Mlango wa gari jeupe ukafungwa.

Asumini akateleza ubavuni mwa bati mpaka sakafuni. Wakamwita. Wakampepea kwa mitandio. Macho yake yalikuwa nusu wazi, na tumbo lake lilipanda, likakaa.

Bibi Sikudhani alikuwa mtu mzima. Alikuwa amezika mume kwa heshima, ameoza mabinti wanne, hajawahi kuinua sauti mbele ya mkwe. Aliikumbuka ile sheria getini, neno kwa neno, alivyoifuata kwa kidole. Mtu yeyote atakayesikia sauti. Akaweka mdomo kwenye tundu, akafumba macho kwa aibu, akabweka.

Ilitoka kama kikohozi.

"Bibi kachanganyikiwa na joto," mmoja akanong'ona.

"Joto lipi?" akajibu mwingine kutoka gizani. "Leo ni ishirini na sita."

Hawakujua nani alianza kucheka. Walicheka midomo ikiwa imepasuka, wakicheka na kulia, na katikati ya kicheko mama mmoja mnene wa kona ya mwisho akabweka kwa sauti nene ya mbwa wa shamba. Kisha wote. Kumi na mmoja walibweka mpaka bati likatetema.

Injini ya gari jeupe ilikuwa imekwisha kuwaka. Kashata akainua sikio moja. Akainua la pili. Halafu akaruka kupitia dirishani, utepe na yote, akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye karandinga, akasimama kwa miguu ya nyuma, akakwaruza mlango, akilia kwa sauti nyembamba kama mtoto aliyemwona mama yake sokoni.

"Mheshimiwa Balozi!" aliita Mwasomola. "Mheshimiwa, turudi!"

Chilumba alikuwa ameshashuka. Sauti yake ilisikika uwanja mzima, ya mtu ambaye jana alinyamaza na hakulala. "Bwana Itifaki! Mheshimiwa Balozi amewatambua!"

"Amewa... nini?"

"Amewatambua! Ninyi wenyewe mnasema, aliyetambuliwa ametambuliwa. Yeye ni wa kumi na tisa. Kuna mtu hapa wa kumi na nane?"

Mwasomola alifungua orodha. Akaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, midomo ikitikisika. Jasho lilimdondokea kwenye karatasi, ingawa ilikuwa ishirini na sita. Wa kumi na nane alikuwa Jaji Mstaafu, na hakuwapo.

"Anataka nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kashata alikwaruza mlango.

"Anatoa amri," alisema Koplo Kiserema, akampigia mbwa saluti ambayo hakuwahi kumpigia mtu. "Ndiyo, afande!" Na kufuli likafunguka upesi sana, kama la mtu ambaye ufunguo alikuwa ameushika kiganjani tangu asubuhi.

*

Waliwapa maji kwa beseni, kwa kuwa fomu ilisema beseni. Mwasomola mwenyewe alipiga magoti akamshikilia Asumini kichwa, akamlowesha midomo kwa leso yake ya hariri. Bibi alimtazama, akamsamehe nusu.

"Idadi?" aliuliza Mwasomola baadaye, akifungua fomu.

"Kumi na mbili," Chilumba alisema.

"Rangi?"

"Andika mchanganyiko."

"Mwenye mali?"

"Andika serikali," alisema Koplo.

Asumini hakurudishwa, kwa kuwa mwenye mimba harudishwi garini, na hapo sheria ilikuwa wazi. Daktari pekee aliyetajwa katika fomu alikuwa wa mifugo. Alikuja kwa pikipiki, mzee mwenye mikono ya taratibu. Alisikiliza tumbo muda mrefu, akasema moyo mdogo unapiga na mkubwa unapiga. Alimlaza Asumini nyuma ya gari jeupe, akamfunika kwa koti lake. Hakuuliza kwa nini mgonjwa wake ana majina mawili, lake na la baba yake.

Wengine walibaki uwanjani, wamekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wakijua kifungu kinachofuata. Mwasomola alikisoma akitazama chini: baada ya maji na kivuli, mnyama atarudishwa kwa mwenye mali. Walipanda mmoja mmoja. Koplo alimshika kila mmoja mkono kama anayempandisha mama yake.

Bibi alikuwa wa mwisho. Kashata alikuja akaulamba mkono wake, pale kioo kilipokata, akaulamba vizuri, pande zote mbili.

"Hakimu anarudi lini?" Bibi aliuliza.

"Jumatatu, Bibi," Koplo Kiserema alisema.

Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Mlango ukafungwa. Kufuli likalia. Gari jeupe lilikuwa limeanza kugeuka taratibu, kwa ajili ya Asumini, pale Bibi Sikudhani alipoweka mdomo kwenye tundu.

"Chilumba! Mwanangu!"

Gari likasimama. Kashata alitoa kichwa dirishani.

"Kesho mlete tena huyu mzee wangu anitembelee. Tafadhali, mwanangu. Mje kabla ya saa sita, wakati bado tuna sauti."